Kiunzi cha mifupa cha Halloween kinachostahimili mvua

Mama Neema, Minneapolis: Habari zenu, ndugu zangu. Wanangu wanataka tutengeneze wenyewe kiunzi cha mifupa cha kusimamisha mbele ya nyumba kabla ya Halloween, ile sikukuu ya mapambo ya kutisha ya tarehe 31 Oktoba. Mwaka jana tulikiunda kwa magazeti na gundi ya unga wa ngano, lakini mvua ya usiku mmoja ilikilainisha kikaanguka. Tufanyeje kidumu?

Salumu: Dada, magazeti yanafaa kwa fuvu, mradi kila tabaka likauke kabisa kabla ya kupaka rangi, kisha upake vanishi ya nje mara mbili au tatu, hata ndani ya matundu ya macho, kwa kuwa maji hupenya pale palipoachwa. Mikono na miguu itengenezwe kwa mabomba membamba ya plastiki, na bomba la uti wa mgongo livishwe juu ya nondo iliyochomekwa ardhini ili upepo usikiangushe. Binadamu ana jozi 12 za mbavu, ingawa kwa mtazamaji wa usiku jozi 8 zinatosha.

Bi Zuhura: Taa iwekwe chini, mbele yake, ili kivuli kipande ukutani. Nakusihi usiwashe mshumaa karibu na karatasi. Tumia taa za betri, kwani watoto wanaopita kuomba peremende husogea karibu sana.