Tupeane uzoefu: likizo, watoto na mapori yetu ya Katanga, mmeona nini?

Mama wa Katuba
Jambo yenu wote. Likizo kubwa inakaribia na kwangu wimbo ni mmoja: "Mama, twende tuone nyama wa porini." Wanaangalia video za Serengeti kwenye simu, basi wanaamini ukitoka Lubumbashi ukapita bariyeri ya mwisho tu, tembo amesimama kando ya lami anakungoja. Mimi nimechoka kuwapeleka kwa shangazi kila mara. Mliokwisha kutoka na familia, tupeane uzoefu: mlienda wapi, mliona nini kwa macho yenu, na watoto walifurahi au walilia njia nzima? Maneno ya matangazo tunayajua, hapa nataka ya mtu aliyefika.

Papa Mapacha
Mama, salamu. Sisi tulienda Kundelungu, kwenye maporomoko ya Lofoi. Nikuambie mapema: ukienda Kundelungu kwa ajili ya nyama, utarudi umenuna. Ile ni hifadhi tangu 1970, na wazee wanasimulia makundi ya wanyama, lakini bunduki za majangili zimefanya kazi yake miaka mingi. Sisi tuliona nyani, ndege wa kila rangi, na nyayo za swala kwenye matope. Basi. Kwa hiyo usiwaahidi watoto tembo.

Sasa Lofoi yenyewe. Mto unatembea kwa upole juu ya nyanda, halafu ardhi inakwisha ghafla na maji yanaanguka moja kwa moja, zaidi ya mita 300. Upepo unayashika katikati, chini yanafika yamekuwa moshi. Kijana wangu mmoja alitupa jani kuelekea bondeni, upepo ukamrudishia usoni. Akatupa lingine, likarudi. Mapacha wakaanza kushindana nani jani lake litashuka, mpaka mlinzi wa hifadhi akawashika mashati kwa nyuma na hakuwaachia tena. Nilimpenda sana mtu yule.

Kuhusu wakati: mvua zikiisha tu, mwishoni mwa Aprili au Mei, maji yangali mengi na njia imeanza kukauka. Februari usijaribu, gari litalala matopeni na ninyi ndani. Mwezi wa kumi maporomoko yamebaki uzi. Likizo kubwa ni katikati: maji yamepungua ila yapo, na usiku kule juu baridi ni ya kweli, blanketi si mapambo. Chukueni gari refu la kupanda, matairi ya akiba, mafuta kwenye mabidoni, unga wa bukari (ugali wetu), makayabu (samaki wa chumvi), maji ya kunywa. Mambo ya ruhusa na malipo yamalizeni hapa mjini, kwa watu wa ICCN, idara ya serikali inayosimamia hifadhi, kabla ya kuwasha gari.

Kijana wa Kenya (komini, si nchi!)
Papa, kwa hiyo simba hakuna? Batoto ya ku kwetu batanisumbua.

Papa Mapacha
Simba mtafute zoo, mwanangu.

Mwalimu wa Kampemba
Naomba niseme jambo ambalo halihitaji gari refu. Watu wa hapa tunapita kila siku mbele ya maajabu na hatugeuzi shingo. Vile vichuguu vikubwa vya mchwa kwenye njia ya Kipushi na njia ya Likasi, vinavyoota miti juu yake, mnavijua? Wataalamu walipima umri wa vichuguu vya aina hiyo hapa Katanga, na kimoja kilikutwa kina zaidi ya miaka 2,000. Msiri, yule mfalme wetu wa zamani, aliuawa Bunkeya mwaka 1891. Kichuguu kile kilikuwa kizee tayari kabla babu wa babu yake hajazaliwa. Nilipowaambia hivyo watoto wangu waliacha kurusha mawe, wakaanza kukizunguka wakipima kwa hatua zao. Na sisi tunavibomoa kutengeneza matofali! Sisemi watu wasijenge, udongo wake ni mzuri kweli, ila ninapoona kimekatwa nusu kama mkate roho inaniuma.

La pili ni vilima vya mukuba, yaani shaba. Ukisafiri utaona pori limefunga, kisha ghafla kilima kina nyasi tupu, hakuna mti hata mmoja. Si moto wala shoka: shaba iliyo ndani ya udongo ni sumu kwa miti. Mimea michache tu imezoea. Mmoja ni ua dogo la zambarau, Haumaniastrum katangense, ambalo hata wataalamu wa mambo ya kale wamelifuata ili kupata mahali wahenga walipoyeyushia shaba na kuimimina kuwa ile misalaba ya shaba iliyotumika kama fedha. Maana yake tanuru lilizimika zamani, watu wakasahau, udongo ukabaki na shaba yake na ua likaota hapo. Binti yangu alipiga magoti akalitazama, ua lenyewe ni dogo kuliko ukucha wake, na maswali yake hayakuisha mpaka nyumbani. Chungeni jambo moja tu: msiingie ndani ya eneo la mgodi, na watoto wasiweke mdomoni kitu chochote kutoka udongo ule.

Koko wa Rwashi
Mwalimu umesema vizuri. Mimi sina dola za hifadhi, mimi nina wajukuu na ndoo. Mvua zikishika, Desemba hivi, tunaenda kijijini kwa dada yangu na asubuhi mapema tunaingia porini kutafuta buyoga (uyoga). Kuna ule mkubwa wa kwenye mchwa, unaweza kumfunika mtoto kichwa na mabega, wajukuu wanabishana nani aubebe. Ila sheria yangu: mtoto anaonyesha kwa kidole, haokoti. Anayeokota ni mimi au dada yangu, na tukitofautiana hata kidogo, unabaki pale pale. Kuna watu wamezikwa kwa uyoga mmoja.

Mwalimu wa Kampemba
Koko, na uyoga ule wa mchwa ni shamba la mchwa wenyewe. Wanakusanya majani makavu, wanaulisha chini kwa chini, nao wanakula. Mvua ikija ndipo unatoa kichwa nje.

Koko wa Rwashi
Basi tunawaibia! Hahaha. Mungu atusamehe, ni mtamu na karanga.

Dada wa Kamalondo
Msisahau sokwe wa J.A.C.K., kituo cha kulelea sokwe hapa Lubumbashi. Kilianzishwa 2006 na Franck na Roxane Chantereau, kwa ajili ya sokwe wadogo waliokamatwa mikononi mwa wauzaji. Sokwe si wa pori la hapa kwetu, wanaletwa kutoka misitu ya mbali, mara nyingi mama yao ameuawa kwa nyama na mtoto akafungiwa kwenye kikapu auzwe. Tulienda na darasa la mwanangu. Sokwe mmoja alikuwa amekunja majani, anayachovya majini, ananyonya. Watoto wote wakanyamaza, na darasa lile si la kunyamaza. Septemba 2022 watu waliingia usiku wakaiba sokwe wadogo watatu wa pale, wakadai fedha. Mwanangu bado anauliza habari zao. Kama unampeleka mtoto mwenye moyo laini, jiandae na maswali ya njiani.

Mwana wa Bunkeya
Upemba hamjaitaja? Hifadhi ya 1939, kubwa kuliko Kundelungu. Kama mtoto wako lazima aone mnyama wa kweli wa porini katika Katanga, ni huko, kuna punda milia, na hao katika Kongo nzima hutawapata kwa urahisi kwingine. Sisi tuliwaona mbali sana, kwa darubini ya kuazima. Mdogo wangu alisema ni mbuzi. Ni mbali, njia inavunja mgongo, na usalama lazima uulize wiki ile ile unayoondoka, si habari za mwaka jana. Kwa watoto wadogo mimi ningesema bado. Kwenye maziwa ya kule chini kuna swala wa majimaji ambaye wataalamu walimpa jina lake 2005 tu. Huyo hata sisi wenyeji wengi hatujamwona.

Mama wa Katuba
Aksanti sana. Naona nigawe: vichuguu na kilima cha mukuba mwezi huu huu, Lofoi likizo, buyoga namfuata Koko Desemba kama atatukubali. Upemba wakikua. Papa Mapacha, lile gari mlikodi na dereva wake au uliendesha mwenyewe? Na mtoto wa miaka minne anaweza njia ya kwa miguu mpaka kwenye maporomoko?

Papa Mapacha
Na dereva, tena anayejua njia, usikubali wa kubahatisha. Wa miaka minne mtambeba mgongoni, chukua kitenge kigumu. Wengine wanaotaka kwenda mwezi wa saba andikeni hapa, tukigawana mafuta ya magari mawili itakuwa nafuu, na gari likikwama lipo la kulivuta.

Kijana wa Kenya (komini, si nchi!)
Mimi niko, na batoto batatu. Naleta kamba.