Naombeni ushauri: njia yetu ya mlimani ina nyuki wakali

Wakuu, habari zenu. Juzi tulikuwa wanne tunapanda mlima. Tulipofika kwenye mwamba wenye ufa, nyuki mmoja akaanza kunigongagonga kwenye paji la uso, haumi. Nikampiga kwa kofia. Kufumba na kufumbua wakatutokea wengi, mwenzetu akaumwa mara 17, jicho likavimba mpaka likafumba. Tunataka kurudi kule. Tufanyeje?

Mrina Asali: Pole sana mkuu, mpe pole na mwenzako. Huyo wa kwanza alikuwa mlinzi. Akikugonga kichwani anakuambia kiota kipo karibu, na hapo bado una nafasi: geuka taratibu, rudi ulikotoka, mikono usiipunge. Nyuki akiuma au akipondwa hutoa harufu kama ya ndizi mbivu. Mimi nikiinusa tu najua wenzake wanakuja.

Mwenyeji wa Njia: Wakishaanza kuuma, mambo ya taratibu yameisha. Kimbia! Vuta fulana ifunike uso, acha macho yaone njia, maana wao hulenga uso, huko pumzi inakotoka. Usisimame kujipangusa, wakali hufukuza hata zaidi ya mita 400. Ingia kwenye gari au nyumba ufunge. Hata wakiingia nawe wachache, ni afadhali kuliko kubaki nje.

Swali tu: Na nikijitosa mtoni?

Mwenyeji wa Njia: Hapana ndugu. Watazunguka juu ya maji wakikusubiri, na lazima utoe kichwa upumue.

Nesi: Miiba itoeni mara tu mkifika mahali salama, kwa ukucha au chochote, msipoteze dakika kutafuta kibanio. Mwiba uliobaki kwenye ngozi unaendelea kusukuma sumu. Mtu akibanwa pumzi, midomo ikivimba au akisikia kizunguzungu, ni hospitali haraka. Mwenye sindano ya adrenalini, ile dawa ya dharura ya mzio mkali, achomwe hapohapo. Aliyeumwa mara nyingi aende hata kama hana mzio.

Mwenye uzi: Asanteni sana. Kumbe nilionywa nikajibu kwa kofia! Safari ijayo tutauzunguka ule mwamba kwa mbali, nguo nyeusi na manukato tutaacha nyumbani. Mwenzetu nitamsindikiza mwenyewe kwa daktari akapimwe mzio kwanza.

Nesi: Na mbwa je, huwa mnaenda naye?

Mwenye uzi: Ndiyo. Safari hii atabaki.