Naomba ushauri: neno "sawa" linaninyima usingizi

Habari zenu wakuu. Nina miaka 27, naishi Tabata. Mpenzi wangu yuko Dodoma kikazi, kwa hiyo mambo yetu mengi ni WhatsApp. Tukiongea kwa simu anacheka, ananisimulia mpaka alichokula mchana. Shida ni meseji.

Juzi usiku nilimwandikia meseji ndefu, jinsi nilivyomkumbuka na kwamba mwisho wa mwezi nataka nimfuate. Tiki zikawa za bluu. Nikaona anaandika, ikapotea, ikarudi. Kikaja: "Sawa." Na nukta juu! Siku zote huandika "sawa mpenzi" au "sawaaa". Nililala saa nane, nimerudi kusoma meseji zetu za tangu Machi natafuta wapi nilimkosea. Asubuhi akanipigia mwenyewe, kumbe alikuwa anasinzia na chaji imebaki asilimia 4.

Hata rafiki yangu wa tangu sekondari akijibu "poa" tu, nahisi amenichoka. Wiki iliyopita nilimuuliza mara tatu "nimekuudhi?" Akasema maswali hayo ndiyo yanamchosha. Iliniuma sana, maana yule kwangu ni ndugu.

Nilizima tiki za bluu, lakini ukizima zako na za mwenzako huzioni. Nikaanza kuchungulia alikuwa hewani saa ngapi, hali ikawa mbaya zaidi.

Mliopitia haya, mliachaje? Na je, mpenzi wangu nimweleze ukweli, au nitamtwisha mzigo usio wake?