Bodi ya VxWorks inagoma kubuti kutoka seva mpya, naombeni msaada kwenye setingi za netiweki

koleo_na_bisibisi
Wakuu habari za leo. Hapa kazini kuna mtambo unaendeshwa na bodi ya zamani, MVME5100 yenye VxWorks (mfumo endeshi wa mitambo), haina diski wala nini, ikiwashwa inavuta faili la mfumo kupitia netiweki ndo inaanza kazi. Siku zote ilikuwa inavuta kwa FTP (njia ya kuvuta faili kwa jina na paswedi) kutoka kompyuta iliyokaa pembeni yake kwenye swichi hiyohiyo, sasa ile kompyuta imekufa na watu wa IT wametupa seva ya TFTP (njia nyepesi ya kuvuta faili, haina paswedi) iliyoko jengo lingine. Nimechomeka kebo ya siriali, ilipoanza kuhesabu nikagonga kitufe, nikaandika p ya kuonyesha setingi, ikaleta hivi (nilichobadilisha ni host inet tu, yaani anwani ya seva):

boot device : fei0
host name : kituo
file name : /vx/vxWorks
inet on ethernet (e) : 10.20.5.40
host inet (h) : 10.20.1.8
user (u) : mtambo
flags (f) : 0x0
startup script (s) : /vx/anza.cmd

Paswedi ipo, nimeitoa tu hapa. Nikipiga @ ya kubuti inaandika Loading... inakaa weee halafu inatema erori. Ajabu ni kwamba laptopu yangu nikiichomeka kwenye waya uleule inaipingi seva fresh kabisa. Tatizo liko wapi?

zamu_ya_usiku
Umefanya vizuri kuficha paswedi maana hiyo p huwa inaianika wazi.

Laptopu inapingi kwa sababu yenyewe imepewa maski (inayosema anwani zipi ni majirani) na getiwei (mlango wa kwenda netiweki nyingine), bodi yako haina hata kimoja. p haionyeshi sehemu iliyo tupu, ndo maana hujaona mstari wa gateway, lakini upo. Maski sasa haina mstari wake, inabandikwa kwenye inet on ethernet baada ya nukta mbili, tena kwa heksa (namba za msingi wa 16), hivi 10.20.5.40:ffffff00, kila ff moja ni 255. Usipoiweka mfumo unarudi kwenye madaraja ya zamani, anwani inayoanza na 10 ni daraja A yaani 255.0.0.0, kwa hiyo bodi inaamini kila 10 duniani iko kwenye waya wake, inamwita 10.20.1.8 palepale kwenye swichi na hakuna wa kuitika. Ile kompyuta ya zamani ilikuwa jirani ndo maana hakuna aliyewahi kuligundua hilo.

Andika c ya kubadilisha setingi. Enta inaacha kitu kilivyo, nukta inafuta, alama ya kutoa inakurudisha nyuma mstari mmoja. Ila piga picha setingi zilizopo kwanza, mpya zikishaingia NVRAM (kumbukumbu ya bodi isiyofutika umeme ukizimwa) za zamani huzipati tena.

koleo_na_bisibisi
Asante sana mkuu. IT wanasema maski ya huku ni 255.255.252.0 na getiwei 10.20.4.1, hapo kwa heksa inakuwaje?

zamu_ya_usiku
fffffc00. Na hiyo getiwei iko sawa, kwa maski hiyo sabneti yenu (kundi lenu la anwani) inaanza 10.20.4.0 mpaka 10.20.7.255.

mama_siriali
Hata mkimaliza hayo bado haitapakia jamani. Seva ni ya TFTP, bodi imewekewa flags 0x0 na ina paswedi, maana yake itaenda kugonga mlango wa FTP. Weka 0x80. Hizo flagi zinajumlishwa kwa heksa, 0x40 ni ya kuchukua setingi kwa DHCP (seva inaigawia bodi setingi yenyewe), 0x8 inaruka ile hesabu ya mwanzo, kwa hiyo ukikuta bodi ya mtu ina 0x88 ni TFTP na kuruka hesabu. Wewe ndugu yangu 0x8 usiiguse kwa sasa, bado unahitaji nafasi ya kuisimamisha. Halafu ulizia faili wameliweka wapi, seva nyingi za TFTP zinafungiwa ndani ya folda moja kama /tftpboot, njia unayoandika inahesabiwa kuanzia humo.

koleo_na_bisibisi
IMEPAKIA! Ila skripti ya kuanzia imegoma, inasema haiwezi kuifungua, wakati faili lipo kwenye seva ileile na nimeliona kwa macho yangu.

mama_siriali
Hapo ndo wengi wanakwama. 0x80 inahusu kupakia faili la mfumo peke yake. Skripti inafunguliwa baadaye na VxWorks yenyewe ikishawaka, na inaenda kwenye hiyohiyo host inet kwa FTP, ikitumia user na paswedi ulizoandika. Ukiifuta paswedi ndo unaharibu kabisa, itahamia rsh (njia ya zamani isiyo salama) na sijui IT gani siku hizi atakuwashia rsh. Waambie wafungue FTP kwenye seva hiyo, wamtengenezee huyo mtambo akaunti ya kusoma tu, na faili waliweke kwenye njia uliyoiandika. Wakikataa, aliyejenga hiyo vxWorks itabidi aijenge upya skripti ikiwa ndani, kama bado mnampata.

zamu_ya_usiku
Na wakikubali waambie waangalie fayawoli pia, TFTP inaanzia pota 69 ya UDP lakini FTP ni 21 ya TCP, kufunguliwa moja sio kufunguliwa zote.

koleo_na_bisibisi
Aliyeijenga alishastaafu zamani 😂 naenda kuwabembeleza IT.