Kikosi cha Lindi enzi za Wajerumani: kilipangwaje, na Mahiwa 1917 ilikimalizaje?

MwalimuMtama
Wakuu, naandaa somo la historia kwa kidato cha tatu. Wanafunzi wanajua kuwa Mahiwa palipiganwa vita vikubwa, basi. Jeshi la Wajerumani lililokaa Lindi lilikuwa na muundo gani na kazi gani? Na kama walishinda Mahiwa, mbona mwezi mmoja baadaye walishavuka Ruvuma?

BomaLaKusini
Mwalimu, anzia 1890, Wissmann, kamanda wa Wajerumani, alipoiteka pwani ya kusini: Kilwa, Lindi na Mikindani. Kazi ya askari wa boma ilikuwa kutiisha bara na kukusanya kodi. Machemba, mtawala wa Wayao kwenye uwanda wa Makonde, aliwasumbua hadi 1899 alipovukia Msumbiji.

Mwaka 1914 Schutztruppe, yaani jeshi la Wajerumani katika koloni, ilikuwa na kampuni 14, na Kampuni ya 3 ndiyo iliyokuwa Lindi. Kampuni moja ilikuwa na askari wapatao 160, Wajerumani 16 hadi 20, bombomu (bunduki za rashasha) 2 hadi 4, pamoja na wapagazi wake yenyewe. Vyeo vya Waafrika vilipanda hivi: ombasha, shaushi, betshaushi, sol. Kwa kuwa kila kampuni ilijitegemea kwa chakula na mizigo, ilihamishwa upesi bila kungoja nyingine. Udhaifu ulikuwa bunduki: kampuni nyingi zilianza vita na bunduki za mwaka 1871 zenye baruti ya moshi, kwa hiyo risasi ya kwanza tu ilimwonyesha adui askari amejificha wapi.

Nyangao_Njiapanda
Naongezea ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Septemba 1916 Waingereza walishuka Mikindani, Sudi na Lindi. Wareno nao wakavuka Ruvuma na kuichukua Newala, ila Novemba Kapteni Looff, aliyekuwa nahodha wa manowari ya Wajerumani Königsberg, akawatoa.

Mahiwa ni tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917. Jenerali Wahle wa Wajerumani alikuwa ameziba bonde la Lukuledi. Brigedi ya Nigeria, ya upande wa Waingereza, ilitumwa kutoka kaskazini imkate kwa nyuma, lakini Lettow-Vorbeck, kamanda mkuu wa Wajerumani, akafika na kampuni za nyongeza na Wanijeria wakazingirwa wao. Upande wa Lindi, Jenerali Beves wa Waingereza alipeleka watu mbele kwa mbele dhidi ya mahandaki, siku baada ya siku. Wajerumani walikuwa kama 1,500, wapinzani wao karibu 5,000. Waingereza walipoteza zaidi ya watu 2,000, wafu na majeruhi. Wajerumani kama 500.

Jibu la swali lako la mwisho limo humo humo. Waingereza waliweza kuleta wengine kwa meli. Wajerumani hawakuwa na pa kuwatoa hao 500, na risasi zisizo na moshi zilikaribia kwisha pale pale. Novemba, kwenye uwanda wa Makonde, Lettow aliwaacha nyuma wagonjwa na wasioweza kutembea, akabaki na askari wapatao 1,700. Tarehe 25 Novemba akavuka Ruvuma, akawapiga Wareno Ngomano, upande wa Msumbiji, na kuchukua bunduki na risasi zao. Hizo ndizo alizozifuata.

BomaLaKusini
Wapagazi wasisahaulike, Mwalimu, kwani ndio waliokufa wengi katika vita hivi, kwa njaa, kuhara na malaria. Mbung'o waliua farasi na nyumbu, kwa hiyo mzigo wote ulikwenda kichwani. Wape wanafunzi hesabu hii: mpagazi anabeba kilo 25 za unga na anakula kilo 1 kwa siku. Akienda siku 8 na kurudi 8, amekula 16, amefikisha 9. Ongeza siku 4 kila upande, anafikisha kilo 1 tu. Ndiyo maana majeshi yote mawili yalichukua mtama na muhogo wa vijijini, na njaa ikabaki kwa wenyeji.

MwalimuMtama
Nashukuru sana. Na Narungombe iingie somo hilo hilo?

Nyangao_Njiapanda
Itenge. Narungombe ni Julai 1917, njia ya Kilwa, kikosi kingine cha Waingereza. Ukiziweka pamoja watadhani ni pigano moja. Kwenye ramani chora mishale miwili: mmoja kutoka Lindi kupitia Mingoyo na Mtama, mwingine kutoka Kilwa kushuka kusini. Inakutana karibu na Nyangao.