Majeraha ya ubongo: mafunzo ya saa 4 nianzie wapi?

Mratibu wa mafunzo
Naandaa mafunzo ya wahudumu wa ambulensi na wauguzi wa chumba cha dharura. Kipimo cha Glasgow (GCS), kinachopima fahamu kwa alama 3 hadi 15, wamekikariri, ila majeruhi aliyefika na 14 hushuka bila mtu kugundua mpaka azimie. Nisisitize nini?

Muuguzi wa dharura
Kuandika na kurudia. "GCS 13" peke yake haimsaidii anayepokea mgonjwa. Waandike macho (E), maneno (V) na mwendo wa viungo (M) kila kimoja kivyake: E3 V4 M6. Wapime kila nusu saa mpaka afike 15, waendelee hivyo kwa saa 2, kisha kila saa kwa saa 4. Akishuka hata alama 1 na ikadumu nusu saa, hasa ya mwendo, daktari aitwe hapo hapo. Anayevuja damu kati ya fuvu na utando wa ubongo anaweza kuzinduka, akaongea vizuri, kisha akapoteza fahamu ghafla. Kipimo kimoja hakimnasi.

Muda mwingi wa vitendo upeleke kwenye mwendo, ndiko wanakokosea. Wanaminya ukucha, mkono unavutwa, wanaandika 5. Hiyo ni 4! Waminye msuli ulio kati ya shingo na bega: mkono ukipanda kupita mtulinga kufuata panapouma, ndiyo 5.

Mkufunzi wa ambulensi
Naunga mkono, na niongeze: ubongo ulioumia hauvumilii kukosa hewa wala damu. Kwa mtu mzima, oksijeni isishuke chini ya 90%, wala namba ya juu ya presha chini ya 110. Anayepumuliwa kwa mfuko apewe pumzi 10 kwa dakika. Mhudumu mwenye wasiwasi huminya mara 25 bila kujijua. Kabonidioksidi inashuka, mishipa ya ubongo inasinyaa, damu inapungua pale pale inapohitajika. Wafanye zoezi hilo wakitazama mshale wa sekunde, pumzi moja kila sekunde 6.

Mratibu wa mafunzo
Asanteni sana. Na anayenuka pombe? Wengi huachwa "alale kwanza".

Muuguzi wa dharura
Hapo ndipo watu wanapotupotea. Pombe isihesabiwe kuwa sababu mpaka mengine yaondolewe. Sukari ipimwe mara moja. Waangalie mboni kama zinalingana, kutapika kunakojirudia, degedege, majimaji yanayotoka puani au sikioni. Weusi nyuma ya sikio huchelewa kujitokeza, kwa hiyo kutouona mapema hakumaanishi fuvu ni zima. Na waulize ndugu kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Hilo likikosekana kwenye fomu, CT skani (picha ya ndani ya kichwa) huweza kucheleweshwa.