Mjadala: Suharto wa Indonesia anastahili kuitwa shujaa wa taifa?

Wadau habarini za muda huu. Hii mada nimekaa nayo siku nyingi, leo naomba tuijadili kwa hoja na tusitukanane.

Tarehe 10 Novemba 2025, siku ambayo Indonesia wanaadhimisha Siku ya Mashujaa, Rais Prabowo Subianto aliwatangaza watu 10 kuwa mashujaa wa taifa na kati yao yumo Suharto, yule jenerali aliyetawala miaka 32. Toka siku ile kila barazani nikikaa nakuta watu wetu wanafurahi, hoja yao ni kwamba Suharto alikuwa mkali lakini alijenga nchi na sisi huku tunahitaji mtu wa namna ile. Msimamo wangu nauweka mezani mapema: hastahili. Na sisemi hakujenga, alijenga. Ninachosema ni kwamba faili lake halijawahi kufunguliwa likasomwa mpaka mwisho, na kila rais aliyekuja baada yake alikuwa na sababu ya kuliacha limefungwa, sasa mtu ambaye kesi yake haijasikilizwa unampaje ushujaa?

Turudi nyuma kidogo kwa wasioijua historia. Sukarno, rais wa kwanza, na mwenzake Hatta walitangaza uhuru 17 Agosti 1945, Mholanzi akagoma, wakapigana mpaka Desemba 1949 ndo akakubali kuondoka. Sukarno huyu ndiye aliyewakaribisha Waasia na Waafrika kule Bandung Aprili 1955, nchi 29, wakati huku kwetu bado tuko chini ya Mwingereza, na mwaka huohuo wakafanya uchaguzi huru kweli. Lakini na yeye akaharibu. 1959 akaleta kitu alichokiita demokrasia ya kuongozwa, 1963 akafanywa rais wa maisha, akaanzisha ugomvi na Malaysia, akajitoa Umoja wa Mataifa Januari 1965, na bei za vitu zikapanda kwa zaidi ya asilimia 600 kwa mwaka. Kwahiyo anayesema Suharto aliikuta nchi imechoka, hapo namkubalia kabisa.

Sasa ije usiku wa kuamkia 1 Oktoba 1965. Kikundi cha wanajeshi kiliwakamata majenerali 6 na luteni mmoja, wakauawa, miili ikatupwa kwenye kisima sehemu inaitwa Lubang Buaya nje kidogo ya Jakarta. Jenerali Nasution aliruka ukuta akaokoka, bintiye wa miaka 5 akapigwa risasi akafa. Ni unyama, hakuna wa kuutetea. Jeshi chini ya Suharto likasema waliofanya ni chama cha kikomunisti, PKI, na hapo ndo kikaanza kitu ambacho wanaomsifu huwa wanakiruka. Ndani ya miezi michache waliuawa watu wanaokadiriwa kuanzia laki 5 mpaka milioni moja. Wengi wao siku hiyo ya majenerali walikuwa vijijini kwao na hawajui chochote, wakulima, walimu wa shule za msingi, kina mama wa jumuiya ya wanawake, watu waliojiunga na chama kilichokuwa halali na kilichoshika nafasi ya nne kwenye uchaguzi wa 1955. Mto Brantas kule Jawa Mashariki ulibeba maiti. Ubalozi wa Marekani ulikabidhi majina ya wanachama kwa jeshi, hilo limeshajulikana wazi.

Walionusurika nao hawakupona. Wanaume kama 12,000 walipelekwa kisiwa cha Buru wakalima pori kwa mikono miaka mpaka 10, bila kesi. Wakitoka, kitambulisho chao kina herufi mbili, ET, maana yake mfungwa wa zamani wa kisiasa. Hebu fikiria unakwenda kuomba kazi, unakwenda kupanga chumba, unatoa kitambulisho na yule mtu anaona zile herufi mbili kabla hata hajakusoma jina. Na mtoto wako na mjukuu wako hawapati kazi serikalini kwa sababu eti mazingira yao si safi. Mjukuu ambaye 1965 hata hajazaliwa!

Baada ya hapo Machi 1966 Sukarno akasainishwa barua ya kumpa Suharto mamlaka ya kurudisha usalama, barua ambayo nakala yake halisi mpaka leo haijulikani ilipo, 1967 Suharto akawa kaimu rais na 1968 rais kamili. Sukarno akafa 1970 akiwa chini ya ulinzi nyumbani.

Haya, mazuri yake nayataja bila kinyongo. Indonesia ilikuwa inanunua mchele nje kuliko karibu nchi yoyote, 1984 wakajitosheleza, na mwaka uliofuata Suharto alikwenda Roma kwenye mkutano wa FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, kulisema hilo. Kati ya 1973 na 1978 hela ya mafuta ilijenga shule za msingi zaidi ya 61,000, si kwenye makaratasi, shule za kweli zenye walimu. Umaskini ulishuka kutoka kama asilimia 60 mwaka 1970 mpaka karibu 11 mwaka 1996. Ndo maana mpaka leo kwenye malori ya kule Jawa unakuta stika ya Suharto anatabasamu, kapunga mkono, na maneno ya Kijawa, Piye kabare, enak jamanku to? Yani hamjambo, enzi zangu si kulikuwa na raha? Wenye malori wanaobandika zile stika siwalaumu, mtu anakumbuka bei ya mchele.

Lakini kuna kitu kimoja nakijua karibu zaidi maana kilifika mpaka kwetu Pemba, karafuu. Wale wa rika langu na wa juu yangu mtanielewa. Waindonesia wanavuta sigara zinazoitwa kretek, tumbaku imechanganywa na karafuu, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ya karafuu yetu ilikuwa inakwenda kwao. Babu yangu aliuza akapata mabati ya nyumba, msimu ukifika majamvi yanatandikwa kuanzia mlangoni mpaka barabarani na sisi watoto kazi yetu ni kuchambua makonyo na kukimbia kuzianua mvua ikitishia. Baadaye serikali ya Suharto ikawahimiza wakulima wake wapande za kwao, katikati ya miaka ya 80 wakajitosheleza na bei ikaanguka vibaya mno. Nakumbuka babu anarudi na magunia yaleyale aliyoondoka nayo, anakaa kizingitini hasemi. Hapo simlaumu Suharto, kila nchi ina haki ya kupanda chake.

Ninachomlaumu ni alichowafanyia wale wakulima wake mwenyewe baada ya kuwahimiza wapande. Mwanzoni mwa miaka ya 90 mtoto wake wa mwisho wa kiume, Tommy, alipewa haki ya kuwa mnunuzi pekee wa karafuu nchi nzima, kupitia bodi iitwayo BPPC, tena kwa mikopo nafuu ya benki kuu. Mkulima wa Sulawesi au Maluku haruhusiwi kumuuzia mwingine, na kiwanda cha kretek hakiruhusiwi kununua kwa mwingine, katikati kakaa kijana mmoja anaongeza bei. Viwanda vikatumia akiba yao vikamwachia mzigo, maghala yakajaa, na 1992 kijana yuleyule akatoka akawaambia wakulima wachome nusu ya mavuno yao! Mimi niliyekulia kwenye mkarafuu, mti unaoulea miaka kadhaa kabla haujakupa kitu, nikisikia neno hilo roho inaniuma kama ni shamba letu. Bodi ile ilikuja kuvunjwa 1998 na si kwa huruma, ni IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, walioweka sharti.

Na hiyo ni karafuu tu. Barabara za kulipia alipewa binti mkubwa Tutut, mwingine Bambang ana kampuni lake limeshika kila kitu, mradi wa gari la taifa akapewa Tommy tena. Ndo maana 1998 kilio cha wanafunzi kilikuwa herufi tatu, KKN, rushwa, kula njama na kupeana kindugu. Shilingi yao, rupiah, ilikuwa kama 2,400 kwa dola katikati ya 1997, kufika Januari 1998 imepita 10,000 na baadaye ikagusa 16,000. Wale waliotolewa kwenye umaskini kwa miaka 30 wakarudishwa mamilioni ndani ya miezi. Tarehe 12 Mei wanafunzi 4 wa chuo cha Trisakti wakapigwa risasi, siku zilizofuata Jakarta ikawaka, zaidi ya watu 1,000 wakafa, wenye asili ya Kichina wakaandamwa na wanawake wao wakabakwa. Vijana wakapanda mpaka juu ya paa la bunge. 21 Mei Suharto akasoma karatasi akang'atuka.

Hapo sasa ndo penye hoja yangu, marais waliofuata.

Habibie, mtu wa Suharto mwenyewe, alifungua magazeti, akaitisha uchaguzi, akawapa Timor Mashariki kura 1999 ambayo asilimia 78.5 walichagua kuondoka, mambo makubwa kwa miezi 17 tu, lakini uchunguzi wa mali za Suharto ulifungwa Oktoba 1999 chini yake. Gus Dur, yaani Abdurrahman Wahid, akaufungua tena, kesi ikaanza 2000, mzee hakutokea mahakamani hata siku moja, mawakili wanasema mgonjwa. Mwaka huohuo Tommy alihukumiwa kwa ulaghai wa ardhi, akatoroka, na Julai 2001 jaji wa mahakama ya juu aliyemhukumu, Syafiuddin Kartasasmita, akapigwa risasi barabarani akafa. Tommy alipatikana na hatia ya kuagiza mauaji hayo, akapewa miaka 15, na 2006 akawa nje. Gus Dur mwenyewe bunge lilishamtoa Julai 2001. Megawati, binti wa Sukarno ambaye ofisi ya chama chake ilivamiwa 1996 enzi za Suharto, nilitegemea huyu angalau, hakusukuma kitu. SBY, yaani Susilo Bambang Yudhoyono, wa kwanza kuchaguliwa moja kwa moja 2004, ni jenerali na mkwe wa Sarwo Edhie aliyeongoza makomando wa jeshi kwenye mauaji ya 1965, na Mei 2006 kesi ya Suharto ikafutwa kwa sababu ya ugonjwa. Mzee akafa Januari 2008 bila hukumu. Jokowi, yaani Joko Widodo, 2023 alikiri kwamba 1965 na matukio mengine 11 yalikuwa uvunjaji mkubwa wa haki, akasikitika, mahakama hakuna. Kisha mwanawe Gibran akawa makamu wa Prabowo, baada ya mahakama ya katiba iliyoongozwa na shemeji wa Jokowi kulegeza sharti la umri. Na Prabowo alikuwa mkwe wa Suharto, alitolewa jeshini 1998 kwa ishu ya kutekwa wanaharakati.

Sasa nijibu michango niliyokwisha kuipata, maana hii mada nilishaianzisha kidogo barazani.

Kuna kaka yangu alisema bila Suharto Indonesia ingekuwa ya kikomunisti na wangekufa wengi zaidi. Kaka, PKI ilikuwa na wanachama kama milioni 3, ni kweli ilikuwa kubwa na watu walikuwa na haki ya kuiogopa. Lakini unamkamata mwalimu wa kijijini usiku, unamfunga mikono, unamuua pembeni ya mto, afu unasema ni kwa sababu ya jambo ambalo halijatokea. Hata kama hofu ilikuwa ya kweli kulikuwa na mahakama.

Mwingine akasema mbona hata Sukarno ni shujaa na aliharibu. Sawa, hoja nzuri, na mimi nisingepinga Waindonesia wakimjadili upya. Ila Sukarno alitolewa, akafungiwa, akafa akichunguzwa. Suharto alikufa akitembelewa na wakubwa hospitalini.

Na dada mmoja akaniambia niache ya watu, Waindonesia wenyewe wameamua. Dada yangu, wenyewe wepi? Toka Januari 2007 kila Alhamisi watu wanasimama mbele ya Ikulu ya Jakarta wamevaa nguo nyeusi, wameshika miavuli myeusi, miongoni mwao mama Sumarsih ambaye mwanawe alikuwa mwanafunzi akapigwa risasi Semanggi, hapohapo Jakarta, Novemba 1998. Wanasimama, wanaandika barua kwa rais, wanaondoka, Alhamisi ijayo wanarudi. Na hao ni Waindonesia.

Halafu kuna jambo kwenye ile orodha ya 10 Novemba ambalo sijaona watu wetu wakilitaja. Siku hiyohiyo ushujaa alipewa pia Marsinah. Huyu alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha saa kule Sidoarjo, Jawa Mashariki. Mei 1993 yeye na wenzake waligoma wakitaka mshahara uongezwe kutoka rupiah 1,700 kwa siku mpaka 2,250. Wenzake wakaitwa kambi ya jeshi wakalazimishwa kuacha kazi, yeye akaenda kuwaulizia, usiku huo akapotea, siku chache baadaye mwili wake ukaokotwa ukiwa na alama za mateso. Alikuwa na miaka 24. Walioshtakiwa waliachiwa wote na muuaji hajulikani mpaka leo. Nani alikuwa rais mwaka 1993? Na Gus Dur, yule aliyejaribu kulifungua faili, naye yumo orodha ileile, na Sarwo Edhie wa makomando yumo.

Nawauliza mnaomtetea, na nataka majibu ya kweli: kama Suharto ni shujaa na Marsinah ni shujaa, nani alimuua Marsinah, na nani atalisoma hilo faili sasa?